Mti wa Atlasi wa Sri Lanka

Anayetoka mji wa Kandy kwenda Peradeniya huvuka Mto Mahaweli juu ya daraja ambalo halimsimamishi msafiri. Sisi tulisimama kwa ajili ya daraja lisilokuwepo tena. Mwaka 1833 Waingereza walikamilisha hapo daraja la mbao la upinde mmoja, lenye urefu wa futi 205, lisilo na msumari wala bolti. Mbao zenyewe ndizo zilizokamatana kwa ustadi wa maungio. Lilibeba watu na mizigo hadi 1905, likaondolewa na kuwekwa la chuma.

Mbao zile zilikuwa za mti ambao Wasinhala huuita burutha. Waingereza waliupa jina la kitambaa cha atlasi, nasi hatuna la kuwapinga: ubao wake ukishapigwa randa huwa wa manjano ya dhahabu, na ukiugeuza kwenye mwanga mng'ao wake huhama kama katika nguo ya bibi harusi. Ni wa ukoo mmoja na mchungwa na mlimau. Huota katika nyanda kavu za kisiwa hiki na kusini mwa India, na hukua polepole mno. Mafundi hawausifu kwa upole, kwani ni mzito, huchosha makali ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi.

Huko Uingereza, maseremala wa mwisho wa karne ya 18 waliuchana mwembamba wakaubandika juu ya mbao nyingine, kwa kuuonea thamani. Peradeniya uligeuzwa maboriti. Tulipokuwa kando ya mto tulijiuliza ni magogo mangapi yaliteremshwa kutoka misituni kwa kazi ile moja.

Tangu 1998 mti huu umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Kwa hiyo tulipofika Moratuwa, mji wa maseremala kusini mwa Colombo, na kuulizia marufaa za madrasa yetu, fundi mmoja mzee alikataa kuagiza gogo jipya. Alitutolea ubao wa kitanda cha kale kilichovunjwa, akaupima kwa shubiri, akasema zitatoka mbili tu. Watoto wetu wanazidi arubaini. Tulimwomba azitengeneze hizo mbili.