Kuhesabu Mapigo ya Moyo

Ndugu msomaji, weka ncha za vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, uhesabu kwa dakika moja. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Hesabu hiyo nilijifunza chuo cha ualimu, nikaifundisha miaka mingi bila kuijali, mpaka ilipobisha hodi nyumbani kwetu Burumba.

Mjomba wangu, mzee wa miaka 78, alikuwa na vali ya moyo iliyokakamaa. Jamaa wakachanga fedha, akapelekwa Nairobi. Madaktari hawakumpasua kifua. Walipitisha vali mpya, iliyokunjwa ndani ya mrija mwembamba, katika mshipa wa paja hadi moyoni. Daktari Alain Cribier ndiye aliyeifungua njia hiyo mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002.

Mjomba alirudi akitembea, tukafanya karamu. Siku ya nne nikamkuta ameegemea ukuta, macho yamelegea. Akaninong'oneza, "Mpwa wangu, nyamaza. Watu wamenichangia, nitawaambiaje kuwa ningali mgonjwa?" Nikamshika mkono, nikahesabu: 38.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme. Amri hiyo huanzia chumba cha juu cha kulia, kisha hupita njia nyembamba iliyo jirani na vali ya aota, ndipo ifike vyumba vya chini. Aliyeona malori yakingoja kuvuka mpaka wa Busia kwenda Uganda atafahamu: lango likibanwa, barabara nzima husimama. Vali mpya ikitanuka huweza kuibana njia ile, amri ikachelewa au ikakatika. Hatari hiyo ni kubwa zaidi siku za kwanza, lakini huweza kumfuata mgonjwa hadi nyumbani.

Usiku ule tulimkimbiza hospitali. Hatimaye akawekewa chini ya ngozi ya kifua chombo kidogo chenye betri, kinachoupa moyo amri unapochelewa. Sasa huamkia shambani.

Msomaji, vali haikumdanganya mjomba, wala madaktari hawakumdanganya. Aibu ndiyo iliyotaka kumwua. Aliyesaidiwa hana deni la kunyamaza. Ukimwuguza mzee wako, usiridhike na jibu la "sijambo". Mshike mkono, uhesabu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.