Ijolo kwa sauti nne

Nafundisha kwaya hapa Kyela. Desemba moja tuliombwa kuimba kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu anayestaafu, na waandaaji wakataka ule wimbo wa Waskoti ambao maskauti hufungia kambi wakiwa wameshikana mikono. Tuni haikunipa shida: haina fa wala ti, besi waliishika jioni moja. Shida ilikuwa maneno matatu ya mwishoni, auld lang syne.

Neno kwa neno ni "kale, ndefu, tangu". Uimbeje hapo? Robert Burns, aliyeuandika wimbo huo mwaka 1788, alisema aliusikia kwa mzee mmoja akiimba, kwa hiyo hata kwao ni msemo wa barazani. Nikajaribu "siku za kale". Mama mmoja wa sauti ya kwanza akacheka: "Mwalimu, hapo unatusimulia habari za enzi za Wajerumani wa Matema." Nikaweka "siku zile". "Zipi?" Kisha akasema, "Sisi tungesema ijolo tu."

Ijolo kwa Kinyakyusa ni zamani. Lakini mzee akiitamka huku anakusogezea sahani ya wali na mbasa, anamaanisha zamani yenu wawili: mlilima pamoja, mlivuka mto Kiwira kwa mtumbwi mmoja, basi kaa ule. Hicho ndicho Waskoti wanachokiimba. Kumbukumbu ile inamdai mtu kitu, ndiyo maana wimbo una kikombe cha kunywa pamoja. (Cha nini, kwaya ya kanisa haikuuliza.)

Kikombe nacho hakitoshi kila mara. Humu Ziwa Nyasa, Rhoades, nahodha Mwingereza wa meli ya Gwendolen, na Berndt, Mjerumani wa Hermann von Wissmann, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Agosti 1914, Rhoades aliishambulia meli ya rafiki yake ikiwa nchi kavu kwa matengenezo, pale panapoitwa leo Liuli. Berndt, ambaye hakuwa na habari za vita, alipiga makasia hadi kwa mwenzake kumgombeza, akafanywa mateka.

Ijolo ina silabi tatu, sawasawa na msemo wao, ila mkazo wetu uko kwenye jo na wimbo unaulemea mwisho. Tukaivuta jo, lo tukaipa noti ya kufungia.

Mstaafu ni mtu wa Bukoba, si Mnyakyusa. Mara ya pili tulipofika kwenye ijolo, yeye alishatangulia kuiimba.