Mahari Ikitolewa, Inakaa Mkononi mwa Nani?



Kuna suala ambalo kila msichana huulizwa posa ikishakubaliwa: unataka mahari gani? Na kuna jengine ambalo mara nyingi halina muulizaji: mahari hiyo ikishatolewa, inakaa mkononi mwa nani? Leo tuzungumze hili la pili. Ndani yake tuzungumze pia jambo linalotusumbua wengi, nalo ni vipi mwanamke asiye sheikh anaipelekea Qur'an jambo la nyumbani kwake, akaondoka na jibu asiondoke na fimbo ya kumpigia mwenzake.

Sisi tunaokuandikieni ni wanawake wa Unguja na Pemba tunaoishi Bahi. Wengine tumefuata waume, wengine tumefuata mpunga. Kwa msioijua, Bahi iko magharibi ya Dodoma, kwenye reli ya kati na barabara ya kwenda Singida, na imekuwa wilaya tangu 2007. Ni nchi kavu ya Wagogo, nchi ya mibuyu, uwele na ng'ombe. Lakini mvua ikinyesha vizuri mbuga hujaa maji, majaruba yakawa kijani, na mtu wa Unguja akakumbuka bonde la Cheju.

Kila Alkhamisi baada ya Alasiri tunakaa darsa. Tuna msahafu, tuna tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka 1969, na ile ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani ya 1995. Wote wawili ni watoto wa Zanzibar, na kila tukizifungua tunawaombea dua, maana wametufungulia mlango sisi tusiokijua Kiarabu. Tunazisoma pamoja. Maneno yakitofautiana tunaweka alama, tunamuuliza ustadhi.

Na msione haya kuipelekea Qur'an mambo ya chumbani na jikoni. Suratul-Mujaadila inaanza na mwanamke aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kumlalamikia mumewe. Ni Khawla binti Tha'laba. Mumewe, Aws bin As-Samit, alimtamkia dhihari, yaani amemfananisha na mgongo wa mama yake, na katika mila za wakati ule neno hilo lilimwacha mwanamke akining'inia, hana mume wala hana talaka. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa alikuwa pembeni ya nyumba hiyo hiyo na baadhi ya maneno hakuyasikia. Mwenyezi Mungu aliyasikia yote. Zikashuka aya, mume akawekewa kafara: aache huru mtumwa, asipopata, afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza, alishe masikini sitini. Lalamiko la mke mmoja likawa sheria ya umma mzima.

Sasa tuje kwenye letu.

Mwaka juzi kijana wetu mmoja, mfanyabiashara wa mchele kutoka Pemba, aliposa binti wa Kigogo hapa hapa Bahi. Binti ni Muislamu na baba yake Muislamu. Wajomba zake wako Waislamu na wako Wakristo, kama zilivyo koo nyingi za huku. Jawabu la posa likaja: ng'ombe kumi na mbuzi watano.

Ugogoni mahari ni mifugo, na haikai pahala pamoja. Inagawiwa. Kuna fungu la upande wa baba na fungu la upande wa mama, na mjomba ana haki yake inayojulikana. Mtaalamu Peter Rigby aliandika kitabu kizima juu ya ng'ombe na udugu wa Wagogo, kilichotoka 1969, na mambo haya yamo. Tusiharakishe kuyaita ulafi. Mjomba anayepokea ng'ombe leo ndiye anayetazamiwa kutoa kesho, mpwa wake wa kiume akitaka kuoa.

Upande wa kwetu kukawa na kelele. Wakasema mahari bora ni nyepesi, wakasema mahari si ya mjomba, na twendeni na aya ya nne ya Suratun-Nisaa tukawasomee. Upande wa pili nao hawakuwa watupu. Mzee mmoja wa ukoo wa binti, mtu wa msikitini, alijibu kwa Suratul-Qasas aya ya 27, pale mzee wa Madyan alipomwambia Nabii Musa (A.S.) kuwa atamuoza mmoja wa binti zake kwa sharti amfanyie kazi miaka minane. Kazi ile, akauliza, alifanyiwa nani kama si baba?

Basi kila upande ukawa na aya yake. Binti mwenyewe, ambaye aya zote mbili zinamhusu, alikuwa jikoni anachemsha chai ya wageni.

Alkhamisi ile darsa letu halikusoma kitu kingine. Tuliisoma aya ya nne mara tatu, mpaka mwisho, pamoja na jirani zake. Tukakuta mambo matatu.

La kwanza, aya inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na wapewe kama hidaya, kwa moyo. Wafasiri wamezungumza juu ya nani anayeambiwa. Wako waliosema ni waume, na wako waliosema ni mawalii, kwa sababu zama za Jahiliya walii alikuwa akimuoza binti na mahari akaichukua yeye. Vyovyote itakavyokuwa, mwenye mali ametajwa, na ni mwanamke.

La pili, aya haina idadi. Tulipofika aya ya 20 ya sura hiyo hiyo, tukakuta imetajwa mali nyingi, mrundi kwa mrundi, na wala haikukatazwa. Kilichokatazwa ni mume kuirudisha mkononi mwake akitaka kubadilisha mke. Kwa hiyo waliotaka kuichukua aya ya nne wakapunguzie ng'ombe, aya haikuwa na kazi hiyo. Kuifanya mahari iwe nyepesi ni mafunzo ya Mtume (S.A.W.), na tunayapenda. Ila ni nasaha ya kumshika mtu mkono, haikuletwa ili muoaji ajipatie bei.

La tatu ni ile nusu ya pili ya aya, ambayo kwenye ugomvi hakuna aliyeisoma. Inasema wanawake hao wakikupeni kitu katika mahari yao kwa ridhaa ya nafsi zao, basi kuleni kwa raha. Mjomba hakuzuiwa ng'ombe. Amezuiwa kumtangulia mwenyewe.

Na kisa cha Madyan? Ustadhi alituambia kuwa wanazuoni wamekijadili sana, kwani ni sheria ya waliokuja kabla yetu, na penye amri tuliyoelekezewa sisi wenyewe tunaanza na hiyo. Kisha akatwambia turudi nyuma aya moja. Tukarudi. Aya ya 26 ni kauli ya binti: yeye ndiye aliyemwambia baba yake amuajiri Musa, kwa kuwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Hata katika kisa kilicholetwa kututetea hoja ya baba, binti amesema kabla ya baba hajasema.

Hapo suala likageuka. Likaacha kuwa ng'ombe wangapi, likawa: ameulizwa?

Wanawake watatu wa kwetu tulikwenda kwa mama yake, tukamkuta na shangazi wa binti, tukakaa ndani pasipo wanaume. Tukamuuliza. Alinyamaza. Shangazi akasema, si mnaona, karidhia. Hapa tulisimama kidogo, na mabiharusi mtusikilize vizuri. Kimya cha mwanamwari anapoulizwa kuhusu kuolewa kimepokewa katika hadithi kuwa ni idhini. Katika mali yake, hakuna aya wala hadithi tuliyosomeshwa inayokifanya kimya kuwa zawadi. Aya imetaja ridhaa ya nafsi. Tukangoja.

Mwisho akasema. Anataka mitamba sita. Wawe wake, wakae katika zizi la baba yake, na ndama watakaozaliwa wawe wake. Baba na wajomba, bwana harusi awape heshima yao kwa kadiri atakavyoweza, na itajwe kwa jina lake, isiitwe mahari. Na iandikwe.

Tusikudanganyeni kuwa mambo yalikwenda laini. Mitamba sita haikuwa rahisi kwa kijana wetu. Alisubiri mavuno ya pili ndipo akaoa, na mama yake Pemba alinung'unika kwenye simu. Mjomba mkubwa alipoambiwa atapewa mbuzi wa heshima alisema yeye si mgeni katika watoto wa dada yake, na siku ya nikaha hakuja. Nafasi yake kwenye jamvi ilibaki wazi. Mama wa biharusi alilia, na machozi yale hayakuwa ya furaha. Anayekwambia ukifuata Qur'an kila mtu atakupongeza, hajawahi kuifuata katika jambo la mali.

Lakini sikilizeni na hili. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kigumu, ghala la baba likawa jeupe. Wale mitamba walikuwa katika zizi lake mwenyewe, na angeweza kuuza mmoja bila ya kumwambia mtu. Alikwenda kwa binti yake, akakaa, akaomba. Binti akamwambia auze mmoja, na mahindi yakapatikana. Baba yule alikula kwa raha kama aya ilivyosema, kwani amekula kilichotolewa na mwenyewe.

Sasa tusije sisi wa visiwani tukawacheka watu wa bara. Kwetu kuna kilemba cha baba, kuna mkaja wa mama, kuna kipa mkono, na uzuri wake ni kuwa kila kimoja kina jina lake, hakichanganywi na mahari. Lakini mahari yenyewe inakwenda wapi? Mara ngapi imepokewa asubuhi, na jioni ishakuwa mapambo ya ukumbi na pilau ya wageni, na biharusi anasikia habari zake kama jirani? Na ile mahari iliyobakishwa deni, mara ngapi inakumbukwa siku mwanamke anapodai talaka tu, akaambiwa basi samehe uachwe? Suratun-Nisaa aya ya 19 imewakataza wanaume kuwabana wake zao ili wachukue sehemu ya walichowapa. Njia ya khului ipo, imo katika Suratul-Baqara aya ya 229, na ina mipaka yake. Njia hiyo haikuwekwa ili mume azuie talaka mpaka deni lake lifutike.

Ndugu zetu, tuliyojifunza katika kuiuliza Qur'an ni machache, na tunakupeni kama tulivyoyapata.

Mosi, usifungue msahafu kwa kubahatisha, ukaweka kidole na kusema aya hii ndiyo jibu langu. Huko ni kutazamia. Na istikhara ni sala ya kuomba kheri baina ya mambo ya halali. Haiulizwi kama haki ya mtu iliwe au isiliwe.

Pili, soma aya mpaka mwisho, kisha soma iliyo kabla yake na iliyo baada yake. Ugomvi mwingi unaishi katika nusu za aya.

Tatu, muulize anayejua. Suratun-Nahl aya ya 43 imetuelekeza kuwauliza wenye elimu tukiwa hatujui. Tafsiri mkononi ni neema, lakini haimfanyi mtu kuwa mufti.

Nne, na hili ndilo zito: anza na upande unaokugharimu wewe. Suratun-Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimame na uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ukiifungua Qur'an kutafuta unachodai, hutokosa aya. Uliza kwanza unadaiwa nini.

Biharusi mtarajiwa, kabla ya siku ya nikaha kaa na mama yako au somo wako, useme kwa mdomo wako mahari yako ni nini, itakaa wapi, na kipi unakitoa kwa hiari yako. Kisha mwambie walii wako akiandikishe. Nanyi mama wa mabiharusi, muulizeni binti mapema, na mkiuliza mngoje jibu, hata chai ikapoa.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu, azipatanishe koo zenu, na ajaalie chakula cha nyumba zenu kiwe kile kilichotolewa kwa ridhaa. Aamiin.

Wassalaam alaykum. Sisi ndugu zenu wa Bahi.