Nilichora Juu ya Mchoro Wake

Nimefundisha uchoraji kwa miaka mingi katika Bonde la Kilombero. Kosa ninaloliungama hapa sikulifanya nikiwa mgeni wa kazi, wala sikulifanya kwa haraka. Nilichukua penseli mkononi mwa mwanafunzi, nikafuta sehemu ya mchoro wake iliyokuwa sahihi, nikachora juu yake kitu kisicho sahihi, kisha nikampa alama ndogo kwa wino mwekundu. Nilifanya hivyo nikiamini kwamba ninamsaidia.

Shule ilikuwa Ifakara, na somo la wiki ile lilikuwa mizani. Anayejifunza sanaa za ufundi huanza na vijenzi vya mchoro: mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, umbile la uso wa kitu, na nafasi. Baada ya hapo huja kanuni za kuvipanga hivyo vijenzi: mizani, uwiano, mkazo, marudio, mdundo, ukinzani na umoja. Mimi niliifanya orodha hiyo kuwa somo lenyewe. Niliiandika ubaoni, wanafunzi wakainakili, nikawaambia waikariri kwa sababu mtihani utaiuliza. Nilipofika kwenye mizani nilichora mstari wa wima katikati ya ubao, nikaweka nyumba juu ya mstari huo na mti mmoja kila upande. Nikasema: upande huu ukiwa na kitu, upande wa pili nao uwe na kitu cha ukubwa uleule. Mwanafunzi akitaka kujua kama amepatia, akunje karatasi yake katikati.

Kisha nikawapa kazi: kila mmoja achore shughuli inayofanyika kwao.

Kijana mmoja alitoka kwenye familia ya wavuvi. Alichora mtumbwi. Mchoro ule naukumbuka vizuri, kwa sababu niliutazama kwa muda mrefu nikitafuta makosa. Mtumbwi ulivuka karatasi karibu yote, mwembamba, na ubavu wake ulijitokeza kidogo tu juu ya maji. Nyuma kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, alisimama mwanamume mwenye upondo mrefu, goti moja limekunjwa, mwili umeegemea upondo. Mbele, upande wa pili, palikuwa na rundo la nyavu na tenga la samaki. Katikati palikuwa patupu. Chini ya mtumbwi kijana alikuwa amekandamiza penseli hadi kivuli kikawa kizito, na kadiri maji yalivyokwenda mbali na chombo alikuwa amelegeza mkono taratibu mpaka karatasi ikabaki nyeupe.

Mimi niliona mambo matatu tu: mtu yuko pembeni, katikati hakuna kitu, na chombo kinakaribia kuzama. Nilikulia Morogoro mjini, na mtumbwi niliujua zaidi kwa picha za kalenda. Nikachukua ufutio, nikamfuta yule mwanamume. Nikamchora tena ameketi katikati, kwenye mstari wangu. Nikainua ubavu wa mtumbwi, nikaipandisha ncha ya mbele ili ipendeze. Nilikandamiza penseli sana, hata mistari yake na yangu ikawa haitenganishiki. Pembeni nikaandika: "Hakuna mizani." Kijana akapokea karatasi yake kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwalimu."

Masika yalipofuata nilipata safari ya kwenda kwenye kambi ya wavuvi, mahali ambapo bonde likishajaa maji hakuna njia nyingine isipokuwa mtumbwi. Nilimkuta mzee mmoja ukingoni, nikamwamkia, akaniitikia na kuniambia niingie taratibu, nipite hadi mbele, nikae chini. Niliingia, lakini nikakaa katikati, maana hapo ndipo nilipodhani pana usalama. Mzee akapanda nyuma, akasimama na upondo wake. Ncha ya mbele ikainuka.

"Sogea mbele, mwalimu," akasema. "Huku nyuma nasimama mimi. Ukikaa hapo kichwa kitabaki juu, na hatutashika njia."

Nikasogea. Mtumbwi ukalala sawa juu ya maji. Nilitazama ubavuni nikaona maji yako karibu kabisa na mkono wangu, kwa sababu chombo hicho huchongwa kutoka gogo moja, na kikibeba watu na mzigo hukaa chini namna hiyo, na hiyo si dalili ya kuzama. Mtu nyuma, mzigo mbele, katikati patupu. Nilikuwa nimekaa ndani ya mchoro nilioufuta.

Kanuni iliyokuwa inafanya kazi pale ni ileile niliyodai kuifundisha. Uzito haupimwi kwa ukubwa peke yake, hupimwa pia kwa umbali kutoka katikati. Watoto wanaobembea juu ya gogo wanalijua hilo: mzito husogea karibu na kati, mwepesi hukaa nchani, na gogo hutulia. Kwenye karatasi mambo huenda vivyo hivyo. Doa dogo jeusi lililo mbali na kati linaweza kulingana na umbo kubwa lililofifia lililo karibu. Mtu mmoja aliyesimama upande mmoja anaweza kulingana na rundo la nyavu upande mwingine, ingawa havifanani hata kidogo. Mizani ya namna hii ndiyo ngumu zaidi kuipanga, na kijana yule alikuwa ameipata bila kuambiwa, kwa sababu aliijua kwa miguu yake, kwa kusimama mtumbwini.

Ningeweza kukilaumu kitabu na kusema kwamba kilitoka mbali na hakikujua Kilombero. Hapo ningekuwa naongeza uongo juu ya kosa. Kitabu nilichokitumia kilieleza aina zote mbili za mizani, ile ya pande zinazofanana na ile ya pande zisizofanana. Ya pili niliiruka mimi. Niliiruka kwa sababu ya kwanza ni rahisi kusahihisha: unakunja karatasi, unaona, unatoa alama. Darasa lilikuwa kubwa, nami nilitaka jibu ninaloweza kulikagua bila kufikiri. Na kijana alipoleta jibu linalodai nifikiri, nikalifuta.

Nilifanya kosa la pili ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Sikuuliza. Kuuliza si ujinga, na swali moja tu lingetosha: "Mbona mtu umemweka nyuma?" Angenijibu kwa sentensi moja, darasa zima lingejifunza mizani siku hiyo, na mimi pia.

Niliporudi shuleni nilipekua kazi za darasa lile zilizofuata baada ya siku ile. Karibu kila mtu alikuwa amehamishia kitu chake katikati. Nilikuwa nimewapa zoezi la kuchora milima ya Udzungwa, nao wakaniletea pembetatu mbili zinazolingana na jua limechomoza katikati yake. Udzungwa haina sura hiyo. Ukisimama Mang'ula, milima hiyo imenyanyuka ghafla kutoka kwenye bonde tambarare kama ukuta wenye msitu, na kila mgongo ulio nyuma ya mwingine unazidi kufifia na kuwa wa buluu, kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho. Watoto hawa huiona kila wanapopita Mang'ula. Walikuwa wamejifunza kwangu kwamba macho yao hayaleti alama, alama huletwa na mstari wa mwalimu.

Nilisimama mbele ya darasa nikawaeleza nilichokosea. Nilichora mtumbwi ubaoni kama kijana alivyouchora, kwa kadiri nilivyoweza kukumbuka, nikamwomba radhi wenzake wakisikia, nikamwomba atueleze wavuvi hupangaje mzigo. Alieleza vizuri: nyavu zikilowa huwa nzito, kwa hiyo hazisukumwi mbele kabisa, tenga likijaa kambare na perege, nyavu hurudishwa nyuma kidogo. Nilimpa karatasi mpya, lakini mchoro ule hakuurudia, nami sikumlazimisha. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, sanaa hakuichagua. Huenda angeiacha hata kama nisingemgusa. Sina haki ya kujifariji kwa hilo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba jambo hili, la kumwacha mwanafunzi achore anachokijua, katika Afrika Mashariki lilishajulikana kabla sijazaliwa. Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1937, aliwahimiza wanafunzi wachore maisha wanayoyajua. Mmoja wa waliopita hapo ni Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro. Alichora watu wa kijijini kwao wakiwa kazini na kwenye sherehe, na mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku umehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa huko New York. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakupita chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba, akauawa kwa risasi mwaka 1972. Kwa miaka hiyo michache tu aliacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Tazama mnyama anavyojaa mraba, shingo au mkia ukipindwa ili kuziba pengo, na nyuma yake rangi imeachwa wazi. Hapo pana mkazo, nafasi na umoja, na hakuna aliyemkunjia karatasi katikati.

Siku hizi kanuni huja mwisho wa somo langu, na somo huanza kwa kutazama. Kwa mtazamo wa umbali naenda na wanafunzi kituo cha reli ya TAZARA. Tunasimama mahali salama, tunatazama reli zinavyokwenda. Wanajua kwamba nafasi kati ya reli mbili haibadiliki, ni milimita 1,067 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, umbali wa kilomita 1,860, la sivyo treni ingeanguka. Hata hivyo jicho linaziona zikikaribiana mpaka zinakutana. Nawaacha wabishane, kisha wachore. Nikishaona wamezikutanisha karatasini, ndipo nawaambia jina la sehemu ile.

Kwa marudio na mdundo tunatandika mkeka wa ukindu. Mkeka hutengenezwa kwa ukili mrefu unaosukwa kwanza, kisha kingo zake hushonwa pamoja. Msusi akikosea hesabu ya miyaa yenye rangi mahali pamoja, pambo huhama, na wakati wa kushona pande mbili hazikutani. Nawaomba waitafute hesabu hiyo kwa kidole, mwaa kwa mwaa, kabla ya kushika penseli. Darasani mara nyingi huwapo binti ambaye kwao wanasuka, na siku hiyo yeye ndiye mwalimu, mimi nakaa kwenye dawati.

Na kwa mizani tunachora mtumbwi. Darasa hugawanyika: wengine wanauchora mtupu, wengine wenye mzigo, kisha tunapima ni wapi mtu asimame ili usizame ncha moja. Kanuni ya pande zinazofanana bado naifundisha, maana mlango wa kanisa, kanga na sura ya mtu vinaihitaji. Lakini sisemi tena kwamba hiyo ndiyo mizani pekee.

Mwalimu mwenzangu, sikuandikii ili unihurumie. Nakuomba mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti wala barua kutoka wizarani. Usichore juu ya kazi ya mwanafunzi. Ukitaka kumwonyesha jambo, chukua karatasi yako, chora pembeni, mwachie mchoro wake ukiwa mzima, aamue mwenyewe. Na kabla hujaandika neno "kosa", muulize ameona nini na kwa nini amekiweka hapo alipokiweka. Akikosa jibu, mfundishe. Akiwa na jibu, weka kalamu chini umsikilize.

Nawe mzazi, mtoto akirudi na mchoro wenye wino mwekundu, usiukunje ukautupa. Mwambie akueleze alichokusudia. Mwalimu aliyeusahihisha anaweza kuwa amekosea, nami ni shahidi.