Inveta, feni na mayai ya Mwaitu

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na sababu yenyewe iko Tulia, Kitui, nyumbani kwa mama.

Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama, anafuga kuku wa kienyeji. Nilimnunulia mashine ya kuangulia vifaranga, ya mayai 48: balbu za kutia joto na feni ndogo ya kulisambaza, vyote vya volti 240. Nyumba inatumia sola, kwa hiyo nikaongeza betri na inveta ya bei nafuu. Balbu zikawaka sawasawa. Feni ilinguruma kidogo, nikaona si kitu, nikarudi Nairobi.

Siku ya 11 akanipigia simu: feni imezima na mayai ya juu yanachoma mkono. Vifaranga huchukua siku 21. Hatukupata hata kimoja, na alikuwa anawategemea kwa karo ya mjukuu. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikarudi na kompyuta. Nilishusha volti kwa transfoma ndogo, nikazipunguza tena kwa resista mbili, nikaingiza kwenye kadi ya sauti. (Usijaribu bila transfoma, utaunguza kompyuta au wewe mwenyewe.) Kisha nikaandika programu fupi ya kulichambua wimbi kwa njia ya Fourier.

Joseph Fourier ni yule Mfaransa aliyechapisha kitabu chake kuhusu joto mwaka 1822. Alionyesha kwamba wimbi linalojirudia unaweza kulijenga kwa kujumlisha mawimbi laini: la msingi, kisha ya kasi mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Hayo ndiyo hamoniki.

Nilitarajia wimbi la mraba. Hilo lina hamoniki za witiri tu: juu ya hezi 50 za msingi utakuta 150, 250, 350 na kadhalika, na ile ya 150 ndiyo kubwa kuliko zote hizo. Lakini kwenye skrini 250 ipo, 350 ipo, 150 karibu haionekani! Nikadhani programu yangu ina kosa. Nusu siku ikapotea hapo.

Mwishowe nikachora wimbi lenyewe. Kumbe si mraba kamili. Katika kila nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 10, volti inakaa juu kama milisekunde 6.7, halafu inapumzika kwenye sifuri. Sasa angalia: wimbi la hezi 150 linamaliza mzunguko mmoja mzima kwa milisekunde 6.7 hizo hizo. Nusu yake iko juu, nusu iko chini, jumla sifuri. Aliyebuni kile kisanduku cha bei nafuu alimjua Fourier vizuri kuliko mimi.

Ila ya tano imebaki, ukubwa wake moja ya tano ya ile ya msingi, na ya saba nyuma yake. Feni inazungushwa na zile 50. Hizi nyingine zinaishia kuwa ngurumo na joto ndani ya waya na chuma. Balbu haijali umbo la wimbi, inataka joto tu, ndiyo maana ilinidanganya.

Nimeitoa ile feni, nimefunga ya kompyuta ya volti 12, moja kwa moja kwenye betri. Mwaitu ameweka mayai mengine 48. Leo ni siku ya 6, na asubuhi amenitumia ujumbe kwamba inazunguka, ila kwa jinsi ilivyo kimya inabidi aweke mkono kuhakikisha.