Picha ya Mwogeleaji
Ufukweni kwetu Ujiji, kijana akipiga mbizi penye kina kifupi akagonga kichwa mchangani, wenzake humkwapua juu juu na kumpakia bodaboda. Mdogo wangu alibebwa hivyo, shingo ikining'inia. Shingo ina pingili 7, idadi ileile ya twiga, na ndani yake umepita ugwe mgongo unaopeleka amri za ubongo hadi miguuni.

Kwenye eksirei ya ubavuni, ile ya 7 hufichwa na mabega. Isipoonekana, mkono mmoja huinuliwa juu ya kichwa, na picha huitwa ya mwogeleaji. Jina gani hilo kwa mtoto wa ziwani!

Dogo alikutwa mzima. Nikienda TP, somo la mifupa nitalianzia majini: aelee chali, kichwa kishikwe sambamba na mwili mpaka ubao uje, hata wa mtumbwi.