Bodi haikufa

Tuliahidi kuwaandikia habari za inkubeta yetu, tukanyamaza. Sababu ni aibu kidogo, mtaiona humu.

Sisi ni vijana tisa, wengi tumetoka Kivu, tunaishi hapa Nakivale, Uganda. Tuko na bodi moja tu, nakala ya Arduino Nano, ile inayotumia waya ya chaji kama ya simu za zamani. Bodi hiyo ndiyo inasoma joto ndani ya sanduku la mbao, inawasha na kuzima balbu ya volti 12 kupitia rilei, na kila baada ya saa chache inainamisha trei ya mayai kwa mota ndogo ya servo. Mayai yalikuwa 18, ya mama mmoja jirani. Siku anatukabidhi alisema, "Wanangu, hao ndio kuku wangu wa mwaka huu." Yai la kuku linataka siku 21. Sisi tulikuwa siku ya tisa.

Ile usiku tukakuta sanduku limepoa. Taa ndogo ya bodi inawaka, inazimika, inawaka tena. Tukaichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haioni kitu. Mmoja akasema, "Imeungua hiyo." Mwingine akauliza nani aliigusa mwisho. Wote tukamgeukia mdogo wetu wa miaka 15.

"Mimi nilibadilisha waya tu," akasema.

Hatukumsikiliza. Tulimwambia maneno ambayo hatutayaandika hapa. Akaenda kwao analia, na hakuna aliyemfuata.

Mayai tuliyafunga kwa blanketi pamoja na chupa za maji ya moto, tukapokezana kubadilisha maji mpaka kukapambazuka.

Asubuhi kaka mmoja anayetengeneza simu sokoni akatuazima mita yake, turudishe kabla ya saa sita. Akatuambia: "Chomoeni kila kitu, muone kwanza kama bodi peke yake inaishi." Kumbe ndiyo mwanzo wa kazi yote, na sisi tulianzia kwenye kutafuta mkosaji. Tukachomoa skrini, rilei, kipima joto, servo. Taa ikatulia tuli. Mita ikasoma volti 4.7 kwenye pini ya 5V. Bodi haikufa!

Tukarudisha kimoja kimoja. Skrini, sawa. Kipima joto, sawa. Rilei ikalia "ta!", sawa. Servo, bodi ikazimika na kuanza upya. Mita ilionyesha volti zinashuka chini ya 4, na mita ya aina ile ni ya polepole, mshtuko wenyewe haiuoni wote.

Tulivyoelewa ni hivi. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye kompyuta linatoa volti 5, na mwisho wake ni miliampea 500. Servo ikizunguka bila mzigo inavuta kidogo. Ikikwama, hata ile ndogo kabisa inaweza kuvuta zaidi ya hapo. Yetu ilikuwa inakwama: kona ya trei ilikuwa imevimba kwa unyevu, inagonga ubao. Tena waya mpya ilikuwa ndefu na nyembamba, umeme unapungukia njiani. Waya ya kwanza ilikuwa fupi na nene, ndiyo maana siku nane hatukuona shida.

Na kompyuta kutoiona bodi? Hiyo ilikuwa shida nyingine kabisa. Waya nyingi za chaji za bei rahisi ndani zina nyaya mbili tu, za umeme. Zile mbili za kupitisha data hazimo. Taa itawaka, lakini kompyuta haitaona kitu, hata ukeshe.

Basi waya nzuri ilienda wapi? Mmoja wetu, mkubwa, aliichukua kuchaji simu yake. Mdogo wetu alikuta bodi haina umeme, akatafuta waya nyingine ili mayai yasipoe. Ndiye aliyeyaokoa mchana ule.

Tulikata kona ya trei. Servo tukaipa umeme wake: chaja ya simu ya gari, inayogeuza volti 12 za betri ya sola kuwa 5. Chanya yake haigusi 5V ya bodi, ila hasi zote zinaungana. Mara ya kwanza tulisahau hiyo hasi, servo ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Karibu na servo tukaweka kapasita ya mikrofaradi 470 kutoka redio mbovu, tukiangalia vizuri upande wa hasi, maana ukiigeuza inaweza kupasuka.

Nyinyi wa mashirika mnaotusoma, mkileta bodi, leteni na waya zake na mita moja. Tunawaomba tu.

Jioni tulienda wote kwa mdogo wetu. Mama yake alitukaribisha, akatuacha tumesimama muda mrefu kabla ya kutupa viti. Yule mkubwa ndiye alianza kuomba msamaha. Mdogo wetu hakujibu kitu, aliuliza tu, "Mayai yana joto ngapi sasa?"

Vifaranga 11 walitoka. Waya fupi sasa ina plasta nyekundu, imeandikwa YA BODI, na inalala kwao.